Nilidhani ni Nyumba Ndogo, Kumbe ni Peugeot

 

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi kuzungumzia wachumba wanaopiga chenga kwenda kujitambulisha ukweni, lakini naomba mnivumilie mpaka mwezi ujao. Yamenikuta mambo huko Tanga, na yana funzo kwa kila mwenye ndoa, na kwa kila mwenye gari la zamani linalogoma kuwaka. Usishangae, we ungana nami tu.

Naanza kwa kuungama. Nilipekua simu ya mume wangu.

Ndiyo, mimi! Mimi niliyewaambia humu sijui mara ngapi kwamba simu ya mwenzako ni mzinga wa nyuki, usiutie mkono. Usiku ule Baba Neema alikuwa bafuni, simu ikaita mlio wa ujumbe, jicho langu likaenda lenyewe. Muamala umekamilika, elfu themanini, kwa mtu aliyeandikwa "T". Saa nne na nusu usiku. Jamani, nani anatumiwa hela saa nne na nusu usiku?

Nikarudi nyuma kwenye ujumbe. Elfu hamsini. Laki moja na ishirini. Elfu arobaini. Nikajumlisha mpaka wa mwisho: ndani ya miezi miwili, laki tano na sitini zimekwenda kwa T. Na hapo ada ya mtoto tumelipa nusu, nusu nyingine tumeomba shule ituvumilie. Shoga yangu, nilihisi miguu si yangu.

Alipotoka bafuni nikamuuliza swali moja tu. "T ndo nani?"

Akakaa kitandani na taulo lake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Fundi," akasema. "Wa Tanga. Natengeneza gari ya mzee."

Nikamjibu neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza: "Bora angekuwa mwanamke, ningejua nashindana na nini."

GARI LENYEWE

Marehemu baba mkwe wangu alikuwa mhasibu kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1981 alinunua kwa mtu Peugeot 504 rangi ya maziwa, na mtaa mzima wakaiita Pijo. Kama wewe ni mtoto wa juzi, 504 ni gari la Kifaransa lililotoka mwaka 1968, na mwaka 1969 likachaguliwa kuwa gari bora la mwaka kule Ulaya. Huku kwetu jina lililipata kwa vumbi. Safari Rally ya mwaka 1975 ilichukuliwa na Ove Andersson akiwa ndani ya 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akaichukua tena kwa 504 ya milango miwili. Kabla ya hapo kaka yake, Peugeot 404, alishinda mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Baba mkwe wakati huo alikuwa kijana. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za gari jingine.

Watoto wake wanne wote walipelekwa shule na Pijo hiyo. Mume wangu alijifunzia humo kuendesha, gia zikiwa pembeni ya usukani. Na wifi yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba, aliahidiwa na baba yake: siku ya harusi yako utatoka humu ndani, na dereva ni mimi.

Mzee akatangulia. Gari likakaa miezi minane chini ya mwembe. Lilipojaribiwa, likagoma.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Siku ya arobaini ya mzee, tumekaa ukumbini na ndugu, nikasema lile gari liuzwe chuma chakavu. Mimi nilikuwa nawaza ada. Nia yangu ilikuwa njema, ila nilisema mbele za watu, na mjane kakaa pale pale. Mama mkwe hakunijibu. Kuanzia siku hiyo maongezi yetu yakawa "shikamoo mama", "marahaba", basi. Na mume wangu naye hakutamka tena neno gari mbele yangu. Akawa anatengeneza kimya kimya, usiku, kwa simu.

LAKI TANO ZILIVYOYEYUKA

Tulifika Tanga Jumatano. Harusi ya wifi ni Jumamosi. Gari bado halijawaka.

Nikamwomba mume wangu anieleze hela ilivyokwenda, nami nikajikaza nisimkate kauli. Kwanza betri, na hiyo ilikuwa haki, maana ya zamani ilikufa kwa kukaa. Halafu plagi mpya zote nne. Halafu fundi akafungua juu ya kabureta, akamimina petroli kidogo, akapiga stata. Injini ikanguruma sekunde chache, ikazima. Fundi akasema, "Pampu hiyo." Ikanunuliwa pampu mpya ya mafuta. Ikafungwa. Hola. Fundi akakuna kichwa, akasema, "Basi ni kabureta." Kabureta ilipatikana Dar kwa laki tatu na nusu, inakuja na basi la Alhamisi, unalipa ukipokea.

"Na hiyo laki tatu na nusu inatoka wapi?" nikauliza.

Akaangalia chini. Nikajua. Ni ile nusu ya ada iliyobaki.

Alhamisi asubuhi akaenda stendi kusubiri basi. Wanawake walikuwa uani wanachambua mchele, mimi nikajitenga nikaenda kusimama mwembeni nikiliangalia lile gari kwa hasira, kama vile ni mke mwenzangu. Mara namwona mama mkwe anakuja na kigoda mkono mmoja, tochi mkono wa pili. Akaketi.

"Mwanangu, unaweza kushika spana?"

Nikasema, "Mama, sijui kitu mimi."

"Hata mimi sikujua. Nilimshikia mzee tochi miaka thelathini. Mikono yangu siku hizi inatetemeka. Wewe mikono unayo." Akalitazama gari kwa muda. "Huyu fundi kabadilisha vitu. Hajauliza kitu."

Hapo nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikasema, "Mama, siku ya arobaini nilikosea. Nilisema mbele za watu."

"Nilikusikia," akasema. "Fungua boneti."

MASWALI YA MAMA MKWE

Kabla sijaendelea, nikuelezee kwa lugha ya jikoni, maana mimi nilielezwa hivyo. Petroli kwenye gari la zamani inasafiri kama maji ya bomba. Inaanzia kwenye tenki kule nyuma, inapita kwenye bomba jembamba chini ya gari, kuna chujio njiani, inafika kwenye pampu iliyobanwa ubavuni mwa injini. Pampu inaisukuma mpaka kwenye kabureta, na pale inakaa kwenye kikombe kidogo ikingoja kuvutwa na injini. Pampu ya 504 ya kabureta haitumii umeme. Injini ikizunguka ndiyo inayoichezesha, na ndani yake mna utando wa mpira unaopanda na kushuka. Kwa hiyo upande wa nyuma wa pampu petroli inanyonywa, upande wa mbele inasukumwa. Shika hapo, maana ndipo siri ilipolala.

Shemeji yangu mdogo tukamwita akae kwenye usukani. Mama akaanza.

Swali la kwanza: injini inazunguka vizuri ukipiga stata? Ilizunguka kwa nguvu. Basi betri na stata hazina kesi.

Swali la pili: moto upo? Hili linaulizwa mapema, kabla hujafungua petroli mahali popote, maana cheche na mvuke wa petroli havikai nyumba moja. Plagi za 504 zimezama ndani, kwa hiyo tulichomoa waya mmoja, tukauchomekea plagi ya akiba, tukailaza bati lake liguse chuma cha injini. Shemeji akapiga stata. Cheche ya buluu, ta, ta, ta. Moto upo. Plagi mpya zilikuwa zimenunuliwa bure, lakini tuache hayo.

Swali la tatu: petroli inafika ndani? Tukafungua plagi moja ya kwenye injini. Mama akaninusisha. Kavu, haina hata harufu. "Ingekuwa imelowa," akasema, "ningesema injini imezidiwa mafuta. Labda floti ya kabureta imetoboka, au sindano yake haifungi. Hii haijapata kabisa. Ina njaa."

Tukairudisha plagi, tukatoa kifuniko cha chujio la hewa. Akamulika ndani ya koo la kabureta kwa tochi. Si kwa kiberiti, jamani, nimeshasikia mtu aliyemulika kwa kiberiti! Nikavuta kwa mkono kile kipande kinachovutwa na pedali ya mafuta. Kabureta nzima inatakiwa hapo irushe mchirizi mwembamba wa petroli, unauona kwa macho. Haikurusha kitu. Kikombe kitupu.

Sasa hapa ndipo fundi alipoteleza. Alipomimina petroli kwa juu injini ikawaka sekunde chache. Ilikuwa inamwambia jambo moja tu: moto ninao, nipe petroli. Haikumwambia petroli imekwama wapi. Yeye akarukia pampu. Na tukiwa hapo hapo, mpenzi msomaji, usimimine petroli kwenye kabureta kama unavyoona mitaani. Injini ikipiga chafya, moto unatokea pale juu, na wewe uso wako uko pale pale.

Swali la nne: petroli inafika mbele ya pampu? Tukachomoa waya wa koili ili isiwepo cheche yoyote. Mama akatuma mtoto alete ndoo ya mchanga. Tukachomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kabureta, tukauingiza kwenye chupa ya kioo ya jemu. Shemeji akapiga stata sekunde kumi, akapumzisha. Pampu nzima inatakiwa iteme petroli kwa vishindo, kila mzunguko na tone lake nene. Ya kwetu ilitema kidogo, ikakohoa, ikatema mapovu.

Mimi nikasema, "Mama, si pampu hiyo? Fundi kasema kweli."

Akainua ile chupa kwenye mwanga akaitazama. "Mwanangu, usimhukumu mpishi kama hujaangalia ghala. Labda hana cha kupika."

SWALI LILILOOKOA LAKI TATU NA NUSU

Swali la tano ndilo ambalo sitalisahau. Badala ya kuuliza pampu ni mbovu au nzima, tuliipa petroli ya mahali pengine tuone itafanya nini.

Shemeji alikuwa amenunua petroli safi kwenye dumu la lita tano. Tukachomoa upande wa nyuma wa pampu ule mpira unaotoka tenkini, tukaukunja na kuufunga usimwage. Tukachomeka kipande cha mpira kingine, kichwa chake kimoja ndani ya dumu. Dumu tukaliweka chini pembeni, mbali na feni na bomba la moshi, na mtu mmoja kalishika. Stata tena, mpira wa mbele ukiwa bado kwenye chupa.

Pa! Pa! Pa! Petroli safi, nene, haina povu hata moja. Chupa ikajaa robo kabla sijamaliza kushangaa.

Tukafunga mpira wa mbele kwenye kabureta. Tukafuta kila tone. Tukangoja harufu ipungue. Waya wa koili ukarudi mahali pake. Mama akasema, "Vuta choki. Piga."

Kwanza ikazunguka tu, maana kikombe kilikuwa kinajaa. Mara ya pili ikashika ikaacha. Mara ya tatu Pijo ikawaka.

Wanawake wote wakatoka uani na nyungo zao. Wifi yangu alikuja mbio, mikono ina unga. Mama mkwe hakusimama. Alikaa pale pale kwenye kigoda, mkono wake ameuweka kwenye bampa, kama mtu anayempima mtoto homa. Injini ikawa inanguruma taratibu, naye anasikiliza. Sikumsemesha. Kuna wakati hata mwandishi wa safu hii anajua kunyamaza.

Baadaye akasema, "Haya, zima. Bado hatujamjua mwizi."

UFA USIODONDOSHA KITU

Tumejua nini mpaka hapo? Pampu nzima. Kabureta nzima. Kesi imerudi nyuma, kati ya pampu na tenki, na kwenye chupa tumeona mapovu. "Povu ni hewa," alisema mama. "Hewa imeingilia wapi?"

Tukafungua mfuniko wa tenki, maana mfuniko ukiziba tundu lake la kupumulia, tenki linashindwa kuachia mafuta. Gari la namna hiyo huwaka, likaenda kidogo, likazima, na ukifungua mfuniko unasikia fyuu. La kwetu halikulia fyuu. Chujio tukalifungua, lina uchafu kidogo lakini linapitisha.

Kisha mama akaagiza pampu ya baiskeli. Tanga unaijua tena, hakuna nyumba iliyokosa baiskeli. Tukaichomeka kwenye ule mpira wa nyuma tuliokuwa tumeuchomoa, mfuniko wa tenki ukiwa wazi, nikapuliza polepole. Shemeji akatega sikio kwenye tenki. "Inachemka!" akasema, yaani mapovu yanasikika, bomba halijaziba. Lakini akasikia na kitu kingine, kama nyoka, sss, karibu na tenki.

Hapo kila aliyewahi kuziba pancha anajua kinachofuata. Maji ya sabuni. Shemeji akalala chini ya gari, akapaka sabuni kwenye kile kipande kifupi cha mpira kinachounga tenki na bomba la chuma. Nikapuliza. Povu likaota kwenye mpira kama uyoga.

Ufa! Mpira umezeeka, umekauka, umepasuka pale unapobanwa na klipu. Fundi aliwahi kuchungulia huku nyuma, shemeji akatuambia, na akasema hapavuji. Alisema kweli, hapakuwa na hata tone. Mpira huo uko juu ya usawa wa mafuta, na uko upande wa kunyonya. Ufa wa upande wa kusukuma unamwaga petroli nje, utaunusa na kuuona. Ufa wa upande wa kunyonya haumwagi kitu. Unaingiza hewa ndani, na pampu badala ya kunywa petroli inakunywa upepo.

Ni kama mrija wa soda uliotoboka. Unavuta mpaka mashavu yanauma, soda haipandi, na meza yako haijalowa.

SIMU YA STENDI

Nikakimbilia simu yangu. Moyoni nilikuwa na hotuba nzima. Laki tano na sitini! Kwa ajili ya kipande cha mpira! Na mimi ndiye niliyekiona!

Mama mkwe akanishika mkono, una grisi mpaka kwenye kiwiko. "Unampigia umwambie gari imepona, au umwambie yeye mjinga?"

Nikavuta pumzi. Nikapiga. "Baba Neema, usilipe hiyo kabureta. Gari imewaka. Ukirudi pitia dukani, lete mpira wa petroli futi mbili na klipu nne."

Kimya. Nyuma yake nasikia makondakta wanaita abiria. Akauliza polepole, "Nani kaiwasha?"

"Mama," nikasema.

Mpira na klipu vilikuwa elfu kumi na mbili. Kabureta ilirudi Dar na basi lile lile, na mwenye mzigo alinung'unika kidogo kuhusu nauli, tukalipa nauli. Jioni ile mume wangu mwenyewe alilala chini ya gari akafunga mpira mpya, mimi nikiwa nimemshikia tochi. Tukiwa tumejificha hivyo, yeye chini mimi nimechuchumaa, ndipo tulipoongea yale ya usiku wa simu.

Aliniambia, "Ningekwambia. Lakini ulishasema chuma chakavu, nikaona nikikwambia nitakuwa nakuomba ruhusa ya kumlilia baba yangu."

Msomaji, hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Mimi nilihesabu hela. Nami nikamwambia langu: kwamba kilichonichoma si laki tano, ni kujua kwamba kuna chumba cha maisha yake ambacho amenifungia mlango, na huku ada ya mtoto ndiyo inayolipia kodi yake. Hakujitetea. Alisema, "Hapo nimekosa."

Miezi minane nyumbani kwetu hatukugombana. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna sahani iliyovunjika, hata majirani wangesema wale wana amani. Nimeuangalia ule mpira uliokufa, nauweka sasa kwenye droo yangu ya jikoni, na sihitaji kukueleza zaidi.

JUMAMOSI

Wifi yangu alitoka na Pijo. Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva, amevaa saa ya baba yake. Mama mkwe alikaa mbele pembeni yake. Kwenye dumu la akiba kule kwenye buti tuliweka ule mpira wa majaribio, kwa usalama wa roho zetu, lakini haukuhitajika. Lilizima mara moja tu, mbele ya ukumbi, kwa sababu dereva alikuwa analia akasahau klachi.

Hela iliyokwisha kwenda haikurudi, nisikudanganye. Lakini ile pampu ya zamani ambayo haikuwa na kosa mama aliifunga kwenye gazeti akaiweka kabatini, ndiyo akiba yetu. Fundi T alikuja harusini, akala pilau, akaja mwembeni kuonyeshwa ufa. Hakubisha. Alisema, "Shemeji, mimi nilitafuta panapovuja." Jumatatu tukalipa ada yote. Na kila tunapotaka kufanya jambo la hela kwenye lile gari, linasemwa mezani, kwa bei yake.

KWA KIFUPI, KAMA LAKO LIMEGOMA

Kwa gari la zamani lenye kabureta, uliza kwa mpangilio, swali moja moja, na usinunue kitu kabla ya jibu.

1. Stata inazungusha? Kama hapana, tatizo ni umeme, acha petroli.

2. Cheche ipo? Ipime kabla hujafungua petroli.

3. Plagi kavu au imelowa? Kavu, petroli haifiki. Imelowa, imezidi.

4. Kabureta inarusha mchirizi ukivuta mafuta? Kama inarusha, kikombe kina petroli, tafuta kwingine.

5. Pampu inatema kwa vishindo? Kama inatema vizuri na kikombe kitupu, angalia sindano na kichujio cha mlango wa kabureta. Kama haitemi, ipe petroli ya dumu. Ikitema sasa, kosa liko nyuma: mpira, chujio, bomba, mfuniko au uchafu wa tenki. Isipotema hata kwa dumu, hapo ndipo useme pampu. Nusa na kijiti cha oili: oili ikinuka petroli, huenda utando wa pampu umechanika, na usiwashe injini mpaka umetengeneza na kubadili oili.

Fanya kazi mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa, pasiwe na sigara wala jiko karibu, na mchanga au kizima moto kiwepo. Usinyonye petroli kwa mdomo hata kama umeona watu wakifanya. Ikiteleza ikaingia kwenye mapafu inaua. Usiiache kwenye chupa ya maji au ya soda, watoto hawajui. Na kama gari lako ni la kisasa lisilo na kabureta, usiguse mipira hiyo, petroli humo iko kwenye presha kubwa. Mwite fundi, lakini muulize kwanza amepima nini.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwa wale wachumba wetu wanaoogopa ukwe. Mpaka hapo, usipekue simu ya mtu. Muulize. Na ukishamuuliza, mwache ajibu.

Nawapenda wote.